Mwongeli na Watoto wa Mvua

Watu wa Machakos mjini wakimtaja Mwongeli husema ana kichwa. Ati alizaliwa kompyuta ikiwa ndani. Mimi nikisikia hivyo naweka kikombe chini kwanza, maana nikianza kujibu chai inaweza kumwagika. Kichwa gani? Nimemjua tangu akiwa na miaka ishirini na minne, vidole vimejaa wino wa taipureta, na nawaambia kichwa chake ni kama changu na chako. Leo ana ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, amewaandika kazi watu wawili, Wesley na Loise, na shule na vyama vya maziwa vinampigia simu vikimwomba aviandikie programu. Si kichwa kilichomfikisha hapo. Ni kwamba mwaka wa 1998 alitaka kuiacha kazi hii kabisa, na hakuiacha. Mimi nilikuwepo. Tena mimi ndiye niliyemtilia mchanga kwenye chakula, kwa hivyo wacha nieleze mwenyewe kabla mtu mwingine hajaeleza vibaya.

Naitwa Pauline, lakini tangu nimzae kifungua mimba wangu kila mtu huniita Mama Maundu. Kwa miaka kumi na saba nilikuwa karani wa rekodi katika zahanati ndogo ya kanisa, njia ya kwenda Kola. Kazi yangu ilikuwa kadi. Mtoto akizaliwa, kadi. Akija kuchanjwa, natafuta kadi yake kwenye sanduku la mbao, naandika, narudisha. Sanduku lile nililijua kama jiko langu. Panya pia walilijua. Mwaka wa 1996 wafadhili fulani wakatuletea kompyuta iliyokwisha kutumika huko kwao, na mkuu wetu, Josphat, ambaye alikuwa afisa wa kliniki, si daktari, lakini sote tulimwita Daktari, akasema atafutwe mtu wa kuifanya ifanye kazi. Ndipo akaja Mwongeli.

Kwao ni Kathiani. Mama yake alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha kina mama wanaochimba mitaro ya mashamba kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Mwongeli alisomea uhazili chuo kimoja pale mjini, na chuoni kulikuwa na kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, kama makochi yanayongoja wageni. Mwalimu alizitumia kuandika barua tu. Mwongeli akaokota kitabu cha kufundisha kuandika programu, hakina jalada, na kurasa thelathini za mwanzo zimeng'oka. Akaanzia ukurasa wa thelathini na moja. Mpaka leo kuna mambo ya mwanzo mwanzo hayajui, na humwuliza Wesley bila aibu.

Lakini siku hizo aibu alikuwa nayo tele. Chuoni, programu yake ya kwanza ilipokwama mbele ya darasa, wenzake walicheka mpaka wakashika meza. Tangu siku hiyo akaamua hakuna atakayeona kazi yake kabla haijaisha. Alipokuja kwetu akaomba chumba, akapewa stoo ya vyandarua, na akafunga mlango. Miezi mitano! Nikigonga, anafungua kidogo, nusu ya uso tu inatokea.

"Bado, Mama Maundu."

"Nilitaka tu kukupa chai."

Mkono unatoka, kikombe kinaingia, mlango unafungwa. Mara moja tu alikuja kuniuliza juu ya kazi yangu. Aliuliza ninaandika nini kwenye kadi, nikamwambia: jina la mtoto, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, lokesheni, yaani eneo la chifu. Akashukuru, akaenda. Mimi sikuongeza kitu kwa sababu sikuulizwa kitu, na mimi nikiwa na kazi huwa siongei sana, hata kama sasa huamini.

Programu ilipokamilika, nakwambia ukweli, niliipenda. Naandika habari za mtoto, na kila Ijumaa ile printa yenye kelele inatoa karatasi ndefu ya watoto wanaotakiwa kuchanjwa wiki inayofuata. Wahudumu wa vijiji wanachukua orodha, wanapanda milima, wanaita kina mama. Hakuna kutafuta kadi, hakuna panya. Tukawatangazia kina mama wenyewe: msije kupanga foleni bure, ngojeni jina la mtoto litoke kwenye orodha. Sanduku langu la mbao likafanywa kiota cha kuku.

Halafu ikaja mvua ya mwaka wa 1997. Aliyekuwepo hahitaji kuelezwa. Ilianza Oktoba ikaendelea mpaka mwaka mwingine, madaraja yakaenda, barabara ya Kola ikawa mto. Sasa, sisi Wakamba mtoto akizaliwa mvua ikinyesha, mara nyingi jina linajileta lenyewe. Msichana ni Mumbua, mvulana ni Wambua. Na mvua ilinyesha miezi mitano bila kupumua! Kila nyumba Mumbua, kila nyumba Wambua. Baba zao nao ni kina Musyoka na kina Mutua, hao wamejaa kote. Na tarehe? Wengi walizaliwa nyumbani kwa sababu njia hazipitiki. Namwuliza mama, mtoto alizaliwa lini, ananiambia, "Ile wiki daraja lilibebwa." Basi naandika tarehe moja Novemba. Tangu enzi za kadi nilikuwa nafanya hivyo: mama asipojua tarehe, andika tarehe moja ya mwezi. Hakuna aliyewahi kuniambia ni vibaya.

Programu ya Mwongeli ilimjua mtoto kwa vitu vinne: jina lake, la babake, tarehe na lokesheni. Ikikuta vyote vinne vinafanana na vya mtoto aliyeko, iliniuliza kwenye kioo: "Mtoto huyu yupo. Nibadilishe habari zake? Ndiyo au Hapana." Na mimi nilibonyeza Ndiyo. Mumbua binti Musyoka wa kijiji hiki akamfunika Mumbua binti Musyoka wa kijiji cha pili, wa kwanza akafutika kana kwamba hakuzaliwa. Sikusoma. Nilibonyeza na kuita, "Anayefuata!" Nayasema wazi hapa kwa sababu siku iliyotakiwa niyaseme, niliyameza.

Siku hiyo ilikuwa Septemba 1998. Habari zilitufikia kwamba surua imeingia upande wa Masinga, na watoto wawili wameshazikwa. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akifika miezi tisa, na watoto wetu wa mvua ndio kwanza walikuwa wakiifikia. Daktari Josphat akasema tuhesabu. Tulikuwa na daftari la mizani, lile ambalo muuguzi huandika kilo za mtoto na jina la mama. Daftari lilisema watoto wa msimu ule ni mia mbili na kumi na wawili. Kompyuta ikasema mia moja tisini na watatu.

Daktari alihesabu tena. Akaniambia nihesabu mimi. Nikahesabu kwa kidole, nikilamba kidole, nikageuza kurasa. Kumi na tisa hawapo. Watoto kumi na tisa wako huko milimani, mama zao wametulia wakingoja jina liitwe, na jina halitaitwa kamwe.

Mwongeli aliitwa. Alikaa kwenye kompyuta nusu saa, ametugeuzia mgongo, halafu akageuka na uso umekuwa wa majivu. Akaeleza kwa sauti ndogo jinsi watoto walivyofunikana. "Ni programu yangu," akasema. "Kosa ni langu."

Daktari si mtu mbaya lakini ana ulimi. "Na karani? Mashine si iliuliza? Karani alijibu nini?"

Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume aliyekuwa nyumbani bila kazi. Nikaangalia viatu vyangu. Mwongeli akasema, "Programu iliruhusu. Isingeruhusu, haingetokea. Kosa ni la programu."

Na mimi, mtu mzima, mwanamke wa kanisa, nikanyamaza kimya! Mpaka leo nikikumbuka nashikwa na hasira na Pauline wa siku ile. Ningemzaba kofi.

Mwongeli alirudi kwenye stoo yake akafunga mlango. Saa nzima. Saa mbili. Nilijua anatengeneza, anatengeneza peke yake, kama alivyoharibu peke yake. Basi ile hasira niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe ikapata pa kwenda. Nikaupiga mlango kwa ngumi.

"Fungua! Wewe ni mtoto wa mwethya ama wa nani? Umeona wapi mtu wa Kathiani anachimba mtaro amejifungia ndani?"

Akafungua. Alikuwa amelia. "Mama Maundu, niache nimalize."

"Humalizi kitu. Mama yako akienda kuchimbiwa shamba, huanza na nini?"

Alijua. Kila aliyewahi kushika jembe kwenye mwethya anajua. Kikundi kikifika, mwenye shamba haketi ukumbini kama bibi arusi. Anatembea nao kutoka juu mpaka chini, na anawaonyesha kwa kidole pale maji yanapomshinda: hapa yalivunja, hapa naogopa yatavunja, hapa sijui. Asiposema ukweli, watu watachimba mahali pazuri na mvua itapita mahali pabaya. Kucheka kutakuwepo, nani hatacheka mtaro uliopinda? Lakini atakayecheka leo, wiki ijayo ndiye mwenye shamba.

"Programu si shamba," akasema.

"Basi mbona imebebwa na mvua?"

Akaniangalia. Nadhani alitaka kunitukana. Badala yake akaenda kwenye printa, na printa ikaanza kupiga kelele. Ilitoa karatasi mpaka ikafika mlangoni.

Kesho yake alasiri tulikaa kwenye mabenchi ya wagonjwa: Daktari, muuguzi wa chanjo, wahudumu wa vijiji sita, Mwikali anayefagia, na mimi. Mwongeli alisimama na ile karatasi ndefu mikononi. Alianza kama mwenye shamba. Akasema, "Hapa ndipo maji yanaponishinda," na akasoma. Hakusoma yale maandishi ya kompyuta, aliyageuza yakawa maneno ya kawaida, pengine Kiswahili, pengine Kikamba. Akafika mahali akasema, "Ikiwa jina ni sawa, baba ni sawa, tarehe ni sawa na lokesheni ni sawa, basi huyu ni mtoto mmoja."

Mwikali aliangua kicheko. "Ala! Kwa hivyo Wambua wangu na Wambua wa jirani ni mtu mmoja? Basi leo akale huko!"

Watu wote wakacheka, na nilimwona Mwongeli akikaza shingo kama mtu anayengoja kupigwa. Halafu, sijui nini kilimshika, akacheka pia. Alicheka mpaka karatasi ikaanguka. "Mwikali, sasa nikujue vipi wewe na mwingine wa jina lako?"

"Si unipe nambari! Hata ng'ombe wa josho wako na nambari."

Akaandika hilo. Kila mtoto nambari yake, iandikwe kwenye kadi anayobaki nayo mama. Kwa miezi mitano ndani ya stoo hakuliona, na mfagiaji aliliona kabla chai haijapoa. Kisha akaendelea kusoma. Mhudumu mmoja akamzuia: na mtoto akiachishwa ziwa akapelekwa kwa susu, yaani nyanya yake, programu inamfuata? Maana kwetu mama akipata kazi mbali, mtoto huenda kwa susu, na susu anaweza kuwa milima mitatu kutoka hapo. Mwongeli akapekua karatasi yote. Hakukuwa na mahali popote pa kuandika mtoto analala wapi sasa. Hilo nalo likaandikwa. Mpaka jua linaegemea, karatasi ilikuwa imejaa alama za kalamu nyekundu, na Mwongeli alikuwa anauliza, si anajibu.

Sehemu ya swali la Ndiyo na Hapana aliisoma haraka. Nilimwona akiniepuka kwa macho. Hakuna aliyeuliza, na mimi niliyejua kila kitu juu ya swali lile kuliko mtu yeyote duniani, nilikuwa nahesabu mawe ya sakafu. Kwa hivyo swali likabaki vilevile.

Wiki ile tulitafuta watoto. Daftari la mizani lilikuwa na majina ya kina mama, na wahudumu walipanda milima nayo. Siku ya kwanza wakapatikana saba. Siku ya tatu, kumi na wanne. Kila aliyepatikana alichanjwa papo hapo, na Mwongeli aliandika jina lake kwa mkono kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Wanne walikuwa kwa susu zao, mmoja mpaka Kathiani. Ijumaa wakawa kumi na wanane.

Alibaki mmoja. Mumbua, binti wa Mwende. Mwende alikuwa amepata kazi kiwandani Athi River, na mtoto amempeleka kwa mama yake. Mama yake anakaa wapi? Masinga, karibu na bwawa. Palepale surua ilipo.

Gari la zahanati lilikuwa limelala juu ya mawe tangu Juni. Aliyetuokoa ni Gedi, mfanyabiashara wa mbuzi pale mjini, ambaye mkewe Nimco alijifungulia kwetu. Jumamosi huenda upande ule kununua mifugo, na Daktari alipomweleza, akasema tu, "Ingieni." Daktari akaketi mbele na kisanduku cha barafu chenye chanjo mapajani, akikishika kama yai. Mimi na Mwongeli tukaketi nyuma, mahali pa mbuzi, juu ya magunia.

Tulipopita Matuu alianza kuongea, akitazama barabara inayobaki nyuma.

"Mama Maundu, nimeandika barua. Jumatatu nampa Daktari. Naacha."

"Kwa nini? Kumi na wanane wako salama!"

"Na huyu? Tukimkuta ameugua, ni mimi. Tukimkuta mzima, ni bahati tu, na bado ni mimi. Nilipenda hii kazi vibaya. Nilipenda ikae sawa ndani ya kioo. Nilikuwa nikilala nikiiota. Sikujua kuna mtoto anaweza kupotea humo ndani." Akajifuta pua na leso. "Nitarudi Kathiani nilime maharagwe. Maharagwe hayana mtu ndani."

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, gari likaruka shimo, nikaufunga. Woi, mimi mwoga! Nilijiambia kwanza tumwone mtoto. Akiwa mzima, nitasema. Na akiwa mgonjwa?

Nyumba ya susu ilikuwa juu kidogo ya maji, boma la miiba, mbuzi watano. Kwa jirani kulikuwa na watu wameketi kimya nje, jinsi watu wanavyoketi kukiwa na mgonjwa ndani. Daktari aliona, nami niliona. Mwongeli aliruka kabla gari halijasimama.

Susu alitoka akipangusa mikono. Mwanamke mrefu, mkavu, mkali kuliko mimi. Daktari akamsalimu kwa heshima, akaeleza tumetoka Kola, tunamtafuta Mumbua.

"Mmetumwa na nani?"

"Na zahanati, susu."

"Zahanati imemkumbuka leo? Binti yangu aliambiwa angojee jina. Tumengojea. Nimemfungia mtoto ndani siku kumi na moja, hatoki, hachezi na mtu, nikisikia wa jirani akikohoa naziba dirisha na shuka. Mlikuwa mnangoja nini?"

Akaingia ndani, na zile dakika alizokaa ndani sitaki kuzirudia maishani. Akatoka na mtoto. Mnono, macho makubwa, amekasirika kwa jua. Daktari alimtazama macho, akamtazama mdomoni, akamfunua kifua, akamgeuza mgongo. Akamshika paji.

"Mzima," akasema. "Hana kitu."

Akamchoma sindano, na yule mtoto alipiga yowe ambalo nadhani lilisikika ng'ambo ya bwawa. Mwongeli akakaa chini mchangani, hivyo hivyo na sketi yake ya ofisi, akalia kwa sauti kuliko mtoto. Susu akamwangalia, akaniuliza kwa Kikamba huyu naye amechomwa wapi.

Basi nikaketi mchangani kando yake. Magoti yangu hayapendi mambo hayo, lakini nikaketi.

"Mwongeli. Ni mimi nilibonyeza Ndiyo."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua nini?"

"Programu huandika nani amebonyeza, na saa ngapi. Kwa kila mtoto aliyefunikwa kuna herufi za jina lako, P.M., mara kumi na tisa. Niliona siku ile ya kwanza."

Hapo damu ilinipanda. Badala ya kuona haya, nilikasirika, ndivyo nilivyoumbwa. "Ulijua, ukasimama mbele ya Daktari ukabeba peke yako, na mimi nimekaa wiki nzima nikijificha? Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Una watoto. Angekufukuza."

"Uniulize kwa nini!"

Akainua kichwa. Nadhani hilo neno halikuwa limemwingia kabisa mpaka wakati ule. Akajipangusa uso, akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, "Kwa nini ulibonyeza, Mama Maundu?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba kila mama anaporudi na mtoto yuleyule kwa chanjo ya pili, ya tatu, lile swali hutokea. Mtoto huyu yupo, nibadilishe? Na ni kweli yupo, na ni kweli nibadilishe. Mara themanini kwa siku jibu ni Ndiyo. Siku nyingine mia. Watoto wanalia, kina mama wamesimama tangu alfajiri, na kidole kinaenda chenyewe. Halafu siku moja jibu linakuwa Hapana, na hakuna kengele iliyolia.

Daktari alikuwa amesimama pale na sindano mkononi, amesikia yote. Nilingoja ulimi wake. Akasema, "Pauline, tutaongea," na akaenda kuosha mikono. Tuliongea kweli, nikapewa onyo la maandishi, na nililistahili.

Lakini Mwongeli alikuwa bado amekunja uso. "Hata hivyo," akasema, "mtu si anaweza kusoma? Ni mstari mmoja tu."

"Ati mstari mmoja! Basi kabla hujampa Daktari hiyo barua, njoo Jumatatu ukalie kiti changu. Asubuhi moja tu. Halafu uende ukalime maharagwe yako."

Jumatatu saa mbili alikuwa kitini. Ilikuwa siku ya soko, kwa hivyo kina mama walikuwa wengi, benchi zimejaa na wengine wameketi kwenye majani. Nilisimama nyuma yake, mikono kifuani. Programu ilikuwa na nambari sasa, lakini nusu ya kina mama walikuwa hawajapata kadi mpya, na asiyekuwa na nambari alitafutwa kwa jina kama zamani, na swali lilikuwa lilelile. Mwanzoni alisoma kila kitu, kidole kinafuata mstari, anauliza jina la mama, anauliza kijiji. Saa tatu foleni ilikuwa imetoka nje ya lango. Mtoto mmoja alitapika mezani. Mwikali alikuwa anapiga deki chini ya miguu yake. Mwanamke fulani akapaza sauti kwamba zamani na sanduku la mbao mambo yalikuwa yanaenda, na nikakohoa ili nisicheke. Mwongeli akaacha kuuliza kijiji. Kisha akaacha kuinua macho. "Anayefuata," nikamsikia anasema, na sauti ilikuwa yangu kabisa.

Saa nne hivi akabonyeza Ndiyo. Nikamgusa bega.

"Huyo uliyemweka hapo, mama yake ni nani?"

Aliangalia kioo, akamwangalia mwanamke aliyekuwa tayari anaelekea mlangoni na mtoto mgongoni, akaangalia kioo tena. Alikuwa amemfunika Wambua mmoja kwa Wambua mwingine. Programu yake, swali lake, kidole chake mwenyewe, na alikuwa amekaa pale saa mbili tu.

"Mama! Mama, rudi kidogo, tafadhali!"

Mama akarudi, mtoto akarekebishwa. Mwongeli akaweka mikono mapajani. Nilidhani atalia tena, na nilikuwa nimechoka na kulia kwake.

"Ni rahisi hivi?" akaniuliza.

"Ni rahisi hivi."

Akasimama, akaenda stoo, nikasema basi, anafunga mlango. Akarudi amebeba kiti. Akakiweka kando ya changu, akaniambia niketi, akafungua ile programu palepale mbele ya watu wote, na tukaanza kuliandika upya lile swali, mimi nikisema na yeye akipiga, huku foleni nzima ya kina mama ikituangalia na kututukana polepole.